Benki Ikifa, Mwenye Hisa Amshitaki Nani?

Zamani za ukoloni benki ilikuwa nyumba ya mgeni. Mwafrika aliingia humo kama tarishi au mfagiaji, na akitaka mkopo aliambiwa hana dhamana. Siku hizi mambo yamegeuka. Mwalimu ana hisa za benki, nesi ana hisa, mkulima wa kahawa ana hisa katika benki ya ushirika wake. Katika Tanzania hisa za NMB ziliingia Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 2008, na za CRDB mwaka 2009, na wananchi wa kawaida wakawa miongoni mwa wenye mali. Jambo hilo twalifurahia, wala hatuna neno na benki hizo.

Lakini mwenye mali ambaye hajui sheria ya mali yake ni mlinzi tu wa mali ya wengine. Kwa hiyo leo twauliza swali ambalo wauzaji wa hisa hawapendi kuulizwa. Benki ikifa, mwenye hisa atamdai nani? Atamshitaki mkurugenzi aliyeipoteza? Atamshitaki msimamizi wa Serikali ambaye kazi yake ilikuwa kuilinda? Au ataambiwa arudi nyumbani kimya?

Jibu twalitoa mapema, tusije tukamchelewesha msomaji. Mara nyingi ataambiwa arudi nyumbani. Twasema hivyo kwa sababu tumetazama kesi zilizokwisha kuamuliwa, na hasa kesi za Uingereza. Twaitazama Uingereza kwa kuwa sheria za makampuni za Kenya, Uganda na Tanzania zilichipuka kutoka huko, na neno lililosemwa na hakimu wa London miaka mingi iliyopita bado husomwa katika mahakama zetu.

CHAMA KILICHOGEUZWA KAMPUNI

Iko benki iliyoitwa Northern Rock, makao yake kaskazini ya Uingereza, karibu na mji wa Newcastle. Haikuanza kama benki ya matajiri. Ilianza kama chama cha kujenga nyumba, kilichozaliwa mwaka 1965 kwa kuungana kwa vyama viwili vya karne ya 19. Katika chama cha namna hiyo waweka akiba na wakopaji ndio wenye chama, wala hakuna mtu wa nje anayengoja faida. Kwa ufupi, kilikuwa ndugu wa vyama vyetu vya akiba na mikopo.

Mwaka 1997 chama hicho kiligeuzwa kuwa kampuni, na wanachama wake wakagawiwa hisa. Hivyo ndivyo wafanyakazi na wazee wengi wa kaskazini walivyojikuta wenye hisa za benki. Wengi wao hawakuzitafuta. Walilala wanachama, wakaamka wenye hisa.

Kampuni mpya ikaanza kukimbia. Akiba za watu huja polepole, kidogo kidogo, na wakubwa wa benki hawakutaka kungoja. Wakakopa fedha katika masoko makubwa ya dunia, wakakusanya rehani za nyumba na kuziuza kwa mafungu, wakakopa tena. Ilipofika katikati ya mwaka 2007, amana za waweka akiba zilikuwa kiasi cha robo tu ya fedha zote zilizoiendesha benki. Tena walitoa mikopo ambayo, ukiijumlisha, ilifika asilimia 125 ya bei ya nyumba. Maana yake mtu akinunua nyumba ya pauni 100,000 aliweza kupewa pauni 125,000. Mwanzoni mwa mwaka huo hisa moja iliuzwa kwa zaidi ya pauni 12, na kila mtu akasifu. Wahenga wetu walikwisha sema kwamba mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Mwezi wa Agosti 2007 masoko ya mikopo yalifunga milango yake, na benki iliyoishi kwa kukopa ikakosa wa kuikopesha. Tarehe 14 Septemba 2007 watu walipanga mistari mirefu nje ya matawi yake kudai fedha zao. Tarehe 17 Septemba Serikali ilitangaza kwamba amana zote zina dhamana yake. Mkopo wa Benki Kuu ya Uingereza ulipanda hata kufika kiasi cha pauni bilioni 25. Walitafutwa wanunuzi, hakupatikana wa kufaa, na tarehe 22 Februari 2008 Serikali ikaitaifisha benki. Bei ya mwisho ya hisa katika soko ilikuwa peni 90.

Tusimame hapa kidogo tukumbuke jambo. Mwezi wa Februari 1967 Tanzania ilipotaifisha mabenki, wenye mabenki hayo walidai fidia, na Serikali yenyewe ilikuwa imeahidi kulipa. Hatulalamiki juu ya hilo. Twakumbusha tu kwamba neno "kutaifisha" lilipotamkwa Dar es Salaam lilionekana tusi, na lilipotamkwa London miaka 41 baadaye likawa dawa.

MIZANI ILIYOSOMA SIFURI

Wenye hisa wa Northern Rock walitazamia fidia, nao walikuwa wa aina mbili. Walikuwapo wale wadogo waliogawiwa hisa wakati wa chama, pamoja na wafanyakazi wa benki. Na yalikuwapo makampuni ya mitaji mikubwa, hasa SRM na RAB, yaliyonunua hisa kwa wingi baada ya benki kuanza kuyumba, kwa matumaini kwamba Serikali itaokoa na bei itapanda.

Bunge la Uingereza lilitunga sheria mwaka 2008 ya kuchukua benki hiyo. Sheria ilisema atateuliwa mthamini wa kupima thamani ya hisa, lakini ilimfunga mikono kabla hajashika mizani. Alitakiwa akisie kwamba msaada wote wa Serikali umeondolewa, kwamba hautatolewa mwingine, na kwamba benki haiwezi kuendelea na kazi. Mpime mgonjwa uzito baada ya kumkatia chakula, utapata jibu gani? Mwaka 2010 mthamini alitoa jibu lake, nalo lilikuwa sifuri.

Wenye hisa walikuwa wamekwisha kwenda mahakamani kupinga sheria yenyewe. Walishindwa katika Mahakama Kuu mwaka 2009. Walishindwa katika Mahakama ya Rufani mwezi wa Julai mwaka huo huo. Wakapeleka malalamiko yao katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu huko Strasbourg, na mwaka 2012 wakaambiwa kwamba dai lao halina msingi.

Tuwe wa haki tuseme hoja ya mahakimu, maana si hoja ya kipuuzi. Walisema kwamba Benki Kuu inapokopesha benki iliyokwama, inafanya hivyo kuokoa mfumo wa fedha wa nchi nzima, wala haifanyi hivyo kuwatajirisha wenye hisa. Bila msaada huo benki ingalikufa, na hisa zake zingalikuwa karatasi. Kwa nini basi mlipa kodi, aliyebeba hatari yote, amlipe mwenye hisa thamani iliyotokana na fedha za mlipa kodi mwenyewe?

Hoja hiyo twaikubali mbele ya yule aliyenunua hisa wakati nyumba inawaka moto, akitumaini zimamoto watamlipa. Huyo alicheza kamari, na kamari ina kuliwa. Lakini mzee wa Newcastle aliyegawiwa hisa mwaka 1997 hakucheza kamari. Naye alitiwa katika mizani ile ile na tajiri wa mitaji, akapewa sifuri ile ile. Tena aliona baadaye kwamba mikopo ya benki yake haikuwa takataka. Mwaka 2015 Serikali iliuza fungu la rehani za zamani za Northern Rock, zenye thamani ya kiasi cha pauni bilioni 13, kwa kampuni ya Cerberus ya Marekani. Mali ilikuwapo. Iliyokosekana ni fedha taslimu siku ya mistari mirefu. Kwa mwenye hisa tofauti hiyo haikuzaa hata peni moja.

DAI JUU YA WAKUBWA WA BENKI NI LA NANI?

Msomaji atasema: basi aache Serikali, awashitaki wakurugenzi walioipeleka benki porini. Kamati ya Fedha ya Bunge la Uingereza, katika taarifa yake ya Januari 2008, ilisema wazi kwamba wakurugenzi ndio walioleta matatizo ya Northern Rock. Ushahidi gani zaidi watakiwa?

Hapa ndipo sheria inapomshangaza mwananchi. Tangu mwaka 1843, katika kesi iitwayo Foss na Harbottle, mahakama za Kiingereza zimeshika neno moja: kampuni ikidhulumiwa, mwenye kudai ni kampuni. Wenye hisa wawili wa kampuni ya bustani huko Manchester walisema wakurugenzi wamefuja mali ya kampuni, wakaambiwa kwamba dai si lao. Na neno lenyewe si geni kwetu. Mwizi akiiba ng'ombe wa chama cha ushirika, chama ndicho kitakachomshitaki. Kila mwanachama akienda mahakamani kudai mguu wake wa ng'ombe, kesi hazitakwisha, na mwizi atalipa mara mia kwa kosa moja.

Maadamu chama kiko hai na viongozi wake ni waaminifu, sheria hiyo ni njema. Taabu huja chama kikifa. Benki ikifilisika, haki ya kudai huchukuliwa na mfilisi. Benki ikitaifishwa, kampuni huwa mali ya Serikali, na haki ya kudai huenda pamoja nayo. Mwenye hisa wa jana hubaki mtazamaji.

Ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 2008 Northern Rock, ikiwa sasa mali ya Serikali, ilitangaza kwamba baada ya kutafuta ushauri wa wanasheria haioni sababu za kutosha za kuwashitaki wakurugenzi wa zamani wala wakaguzi wa hesabu. Mlango ukafungwa, na funguo hazikuwa mikononi mwa wenye hisa.

Mwaka 2010 msimamizi wa mabenki aliwatoza faini baadhi ya wakubwa kwa jambo jingine. Kiasi cha mikopo 1,900 yenye malipo yaliyochelewa ilikuwa imeachwa nje ya hesabu, ili benki ionekane ina afya. Naibu mtendaji mkuu alitozwa pauni 504,000, na mkurugenzi wa fedha pauni 320,000. Ni vema. Lakini hata peni moja ya faini hizo haikuingia mfukoni mwa mwenye hisa aliyesoma hesabu hizo akaziamini.

Katika Marekani sheria ya mwaka 1989 inasema waziwazi kwamba shirika la Serikali la bima ya amana linapokabidhiwa benki iliyokufa, hurithi haki zote za benki hiyo na za wenye hisa wake kuhusu benki. Benki ya Silicon Valley ilipofungwa tarehe 10 Machi 2023, shirika hilo ndilo lililorithi. Mwezi wa Januari 2025 likawashitaki watu 17 waliokuwa wakurugenzi na wakubwa wake. Twalisifu kwa kutolala. Hata hivyo msomaji aelewe kwamba kesi ya namna hiyo ikishinda, wa kwanza kunufaika ni mfuko wa bima na wadai wengine. Mwenye hisa yuko mwisho wa mstari, na mara nyingi chungu hukauka kabla hajafikiwa.

Umebaki mlango mmoja mwembamba. Ni pale mwenye hisa anaposema: "Sidai hasara ya benki, nadai hasara yangu mimi, kwa sababu niliuziwa hisa kwa maneno yasiyo kweli." Dai hilo ni lake mwenyewe. Mwaka 2008 benki ya Royal Bank of Scotland iliuza hisa mpya za pauni bilioni 12, kwa peni 200 kila hisa, na miezi michache baadaye ikaokolewa na Serikali. Walionunua walishitaki wakisema kwamba waraka wa kuuza hisa uliwaficha hali ya benki. Benki ilikana. Mwaka 2017, kesi ilipokuwa mlangoni kusikilizwa, mapatano yalifanyika kwa peni 82 kwa hisa, bila benki kukubali kosa. Ilichukua miaka 9, na mkurugenzi mkuu wa zamani hakupanda kizimbani. Lakini walipata kitu, na walipata kwa sababu walikuwa na karatasi mkononi.

NGAO YA MSIMAMIZI

Sasa tuje kwa msimamizi wa Serikali. Huyu ndiye mwananchi humkasirikia zaidi, maana analipwa kutazama, na hakutazama.

Katika habari ya Northern Rock kosa la msimamizi halikufichwa. Kamati ile ile ya Bunge ilisema kwamba msimamizi alishindwa kazi yake. Mwezi wa Machi 2008 ukaguzi wa ndani wa msimamizi mwenyewe ulikiri kwamba mikutano na benki hiyo ilikuwa michache na kwamba kumbukumbu rasmi hazikuwekwa kama ilivyopasa. Lakini sheria ya mwaka 2000 iliyomweka msimamizi huyo ilimpa ngao: hawezi kudaiwa fidia kwa kazi yake isipokuwa ametenda kwa nia mbaya, au amevunja haki za binadamu. Uzembe si nia mbaya. Mlinzi aliyelala hahesabiwi kuwa mwenzi wa mwizi.

Je, kuthibitisha nia mbaya kwawezekana? Waulizwe waliojaribu. Benki ya BCCI, ambayo wenye hisa wake wakubwa walikuwa watawala wa Abu Dhabi, ilifungwa mwezi wa Julai 1991. Wafilisi wake, kwa niaba ya waweka amana, waliishitaki Benki Kuu ya Uingereza mwaka 1993, wakidai kwamba maofisa wake walijua uovu wakaunyamazia. Ilibidi kesi ipite Baraza la Malords kabla haijaruhusiwa kusikilizwa. Ilianza kusikilizwa Januari 2004. Hotuba ya kufungua ya upande wa madai peke yake ilichukua siku 80. Mwezi wa Novemba 2005 wadai wakaiacha kesi, wakabebeshwa na gharama. Ikiwa wafilisi wenye fedha na mawakili walishindwa hivyo, mwenye hisa 200 atafika wapi?

Nako Marekani iko kesi ya mwaka 1991 ambayo kila mwenye hisa yafaa aijue. Huko Texas alikuwako Thomas Gaubert, mwenyekiti na mwenye hisa mkubwa wa chama cha akiba na mikopo. Wasimamizi wa Serikali Kuu walimtaka aondoke katika uongozi na aweke mali yake ya dola milioni 25 iwe dhamana. Akakubali. Mwaka 1986 wakataka na wakurugenzi wabadilishwe, wakapendekeza wengine, wakawa wanatoa ushauri hata katika mambo ya kila siku. Chama kikaanguka. Gaubert akadai dola milioni 100: milioni 75 kwa hisa zilizopotea na milioni 25 kwa dhamana yake. Mahakama Kuu kabisa ya Marekani ikasema hapana. Afisa wa Serikali akitumia hiari aliyopewa na sheria kwa ajili ya siasa ya nchi, Serikali haidaiwi, hata kama hiari hiyo aliitumia ndani ya ofisi za benki katika mambo madogo ya kila siku.

Angalieni basi. Msimamizi akilala, hadaiwi. Akiamka akashika usukani mwenyewe na chombo kikapanda mwamba, hadaiwi pia.

TUSEMAVYO SISI

Wako watakaosema: ivunjwe ngao hiyo, kila mwenye hisa amshitaki msimamizi. Sisi hatusemi hivyo. Fedha za msimamizi ni fedha za umma. Akitozwa fidia ya mabilioni, mwenye kulipa atakuwa mama muuza vitumbua na kibarua wa bandarini ambao hawajapata kumiliki hisa hata moja. Faida ilipokuwa tamu haikugawiwa kwao, basi hasara isipelekwe mlangoni kwao. Tena msimamizi anayeogopa kushitakiwa na matajiri wa benki atachelewa kuifunga benki mbovu, na kila siku ya kuchelewa ni akiba ya maskini inayotoka.

Lakini twasema kwa nguvu ile ile kwamba asiyeweza kushitakiwa lazima aweze kuulizwa. Ngao ya kutodaiwa fedha isigeuzwe blanketi la kujifunikia usingizi. Waingereza, pamoja na ukali wa sheria yao, walichapisha makosa ya msimamizi wao mbele ya dunia nzima, na mwaka 2013 ofisi ile ikavunjwa na kazi zake zikagawiwa wengine. Hilo ndilo jambo la kuiga.

Na kwetu? Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ya Tanzania ilizifutia leseni benki tano kwa upungufu wa mtaji: Covenant Bank for Women, Efatha Bank, benki ya wananchi ya Njombe, benki ya wananchi ya Meru, na benki ya ushirika ya wakulima ya Kagera. Majina yenyewe yanasema zilikuwa benki za nani. Hazikuwa za mabwanyenye wa London. Bodi ya Bima ya Amana ikawekwa kuwa mfilisi. Mwenye akiba alikuwa na kinga ya bima, wakati ule mpaka shilingi 1,500,000, na mwaka 2023 kiwango kikapandishwa kuwa shilingi 7,500,000. Bima hiyo ni ya mwenye akiba. Kwa mwenye hisa hakuna bima, wala jana wala leo, na mtu yule yule akiwa na kitabu cha akiba na cheti cha hisa katika benki moja, kitabu kitalipwa na cheti kitangoja.

Hatusemi kwamba Benki Kuu ilikosa kuzifunga. Benki isiyo na mtaji ni chungu kilichopasuka, na kuzidi kukitia maji ni kupoteza maji. Tunalosema ni kwamba mkulima aliyetoa fedha ya kahawa yake kununua hisa ana haki ya kuelezwa, kwa lugha yake, chungu kilipasuka lini, nani alikishika, na nani aliona ufa akanyamaza.

Kwa hiyo twataka mambo manne, nasi twawaomba Wabunge wetu wayachukue.

Kwanza, anayeuza hisa za benki kwa wananchi awaambie, katika ukurasa wa mbele na kwa Kiswahili cha wazi, kwamba hisa si akiba. Mwenye hisa hulipwa mwisho, na benki ikifa huenda asilipwe kabisa.

Pili, kila benki inapofungwa, msimamizi aandike taarifa ya kazi yake mwenyewe: alikagua lini, aliona nini, alionya nani, na kwa nini onyo halikusikiwa. Taarifa hiyo iwekwe mezani Bungeni katika muda uliotajwa na sheria, na magazeti yaichapishe.

Tatu, mfilisi aliyerithi haki ya kuwashitaki wakurugenzi aitumie, au atangaze kwa nini haitumii. Kusema tu kwamba "wanasheria wameshauri" hakutoshi. Aliyenyang'anywa haki ya kushitaki ana haki ya kujua aliyeirithi ameifanyia nini.

Nne, mkurugenzi aliyeipoteza benki asionekane mwaka ujao katika bodi ya benki nyingine.

Tukiisha kuyadai hayo kwa Serikali, yatupasa tujidai na sisi. Kesi zote tulizozieleza zina funzo moja: nguvu ya mwenye hisa iko kabla benki haijafa. Siku mlango unapofungwa, dai juu ya wakubwa limekwenda kwa mfilisi, msimamizi ana ngao, na mwenye hisa amebaki na cheti cha kupamba ukuta. Lakini siku ya mkutano mkuu wa mwaka ana kura, ana mdomo, na wakurugenzi wamekaa mbele yake. Siku hiyo, ndugu, wengi wetu hatuendi. Na tukienda, twapokea soda na kofia, twapiga makofi, twarudi.

Nenda, na uulize. Fedha za benki zatoka wapi, kwa waweka akiba au kwa wakopeshaji wakubwa wanaoweza kuziondoa kwa siku moja? Mikopo isiyolipwa ni kiasi gani, na mwaka jana ilikuwa kiasi gani? Wakurugenzi na jamaa zao wamekopa kiasi gani? Mkaguzi wa hesabu amekaa miaka mingapi? Msimamizi ametoa onyo lolote mwaka huu? Mkurugenzi asiyetaka kujibu amekwisha kujibu. Na kila waraka wa kuuza hisa na kila hesabu ya mwaka uitunze pamoja na cheti chako, maana tumeona kwamba mlango mmoja uliobaki hufunguliwa kwa karatasi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Wanachama wa chama kile cha kaskazini waliambiwa mwaka 1997 kwamba kugeuka wenye hisa ni kupanda cheo. Hawakuambiwa kwamba wanahama kutoka safu ya mbele kwenda safu ya mwisho. Katika nchi zetu viko vyama vya akiba na benki za ushirika ambazo kesho au keshokutwa zitaletewa shauri kama hilo, kwa maneno matamu na vitabu vyenye picha. Tusikatae kwa ushabiki, wala tusikubali kwa ushabiki. Tusome kwanza, tuhesabu, halafu ndipo tunyoshe mkono.